Miwani tatu za baba

Kabatini kwa baba, huko Mtambwe, mna kopo la biskuti lenye miwani tatu. Zote nzima, zote zilinunuliwa kwa pesa za karafuu, na hakuna hata moja iliyomsaidia. Ya fremu nyeusi tuliinunua mwaka 2017. Ya rangi ya dhahabu, mwaka 2018. Ya tatu, iliyokuwa ghali kuliko zile mbili kwa pamoja, mwaka 2020. Mimi ndiye niliyempeleka mara zote, na kila tukirudi niliwapigia simu ndugu zangu nikawaambia, "Nimempeleka baba kwa daktari wa macho." Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote.

Jina hilo, daktari wa macho, ndilo lililotuchelewesha. Kwetu Pemba, na nadhani pwani nzima, yeyote anayekumulika jicho kwa taa tunamwita daktari. Anayeuza miwani dukani ni daktari. Nesi wa kliniki ni daktari. Anayekuja na kambi ya macho ni daktari. Tunampa mtu jina hilo kwa heshima, na heshima ni jambo zuri, lakini ukishamwita mtu daktari unaona haya kumuuliza amesomea nini. Mimi sikuuliza. Ilipita miaka minne, na katika miaka hiyo jicho la kulia la baba lilikwenda.

Baba alikuwa mchumaji hodari. Katika mchumo wa 2017 ndipo alipoanza kusema kwamba matawi yanamjia ghafla. Alikuwa anashuka mkarafuu na kipaji kimechubuka, na vishada vilivyokuwa pembeni yake anaviacha mtini, yeye aliyekuwa haachi hata kimoja. Nyumbani akawa anagonga bega mlangoni. Akienda msikitini alfajiri akawa anaomba mjukuu amshike mkono, anasema njia ina mashimo, na njia ni ile ile aliyoipita tangu utoto. Sisi tukasema ni umri, macho yamechoka, anahitaji miwani.

Nikampeleka kwenye duka moja la miwani, ambalo sitalitaja. Kijana wa pale alikuwa na adabu na koti jeupe. Alimkalisha baba mbele ya mashine, akamwambia atazame picha ya puto lililo mwisho wa barabara, mashine ikalia, ikatoa kikaratasi chenye namba. Kisha akamsomesha herufi ukutani, macho yote mawili yakiwa wazi. Baba akasoma hadi karibu na mstari wa chini. "Macho ya mzee hayana neno," akatuambia, "ni uzee tu, atumie miwani." Tukalipa, tukashukuru, tukaondoka. Mwaka uliofuata baba akasema miwani haifai, tukarudi pale pale, akapimwa vile vile, akapewa nyingine. Na ya tatu pia, kwa mtindo huo huo, kwenye duka jingine.

Sasa najua kilichokosekana. Mashine ile kazi yake ni moja, kukadiria namba ya lenzi. Haijui kilichoko nyuma ya jicho. Na herufi za ukutani zinapima pale katikati unapotazama moja kwa moja, hazipimi ubavuni. Tena kila jicho husomeshwa peke yake, jingine limefunikwa, kwa sababu macho ni ndugu: zima humsitiri mgonjwa, na mwenyewe asijue.

Kilichotustua ni kikombe cha chai. Mwaka 2021, siku ya Idi, binti yangu alisimama kulia kwa babu yake akimpa chai. Baba akainua kiwiko kumsalimu mgeni aliyekuwa mbele yake, chai ya moto ikamwagikia mtoto mkononi. Binti yangu alilia kwa maumivu, kisha akamuuliza, "Babu, hukuniona?" Baba akasema, kwa sauti ndogo sana, "Sikukuona, mjukuu wangu. Upande huo sioni kitu siku nyingi." Siku nyingi. Hakuwahi kutuambia, maana naye alidhani ndivyo uzee ulivyo.

Wiki ile ile tukaenda kliniki ya macho, Chake Chake. Na aliyeligundua tatizo la baba alikuwa nesi.

Alimwamkia, "Shikamoo, mzee." Baba akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti yakikaribiana, akamwambia afunike jicho la kushoto kwa kiganja na amtazame yeye puani asihame. Kisha akanyoosha mkono wake pembeni kabisa, akawa anachezesha vidole na kuuleta mkono polepole kuelekea katikati. "Ukiviona vidole, niambie." Mimi niliyekaa pembeni niliviona tangu mwanzo. Baba kimya. Mkono ukaja, ukaja, ukakaribia kugusa shavu la nesi mwenyewe, ndipo baba akasema, "Naam, sasa naviona." Jicho la kushoto lilikuwa na nafuu, lakini nalo pembeni lilikuwa limeanza kufumba.

Hakuna mashine iliyotumika. Ni vidole tu, na mtu aliyesomea cha kutafuta. Nilipokumbuka pesa zote tulizokwisha kulipa, machozi yalinitoka.

Nesi akamtia tone la ganzi, akampima presha ya macho. Wengi wetu tukisikia presha tunafikiri ile ya kufungwa mkono. Hii ni nyingine, na mtu anaweza kuwa nayo huku presha ya damu ikiwa sawa. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa kila saa na kutoka kila saa kupitia vijia vidogo vilivyo pembezoni, kwenye mzunguko wa ile duara nyeusi. Vijia vikizibana, maji yanabaki, na jicho linakaza. Kipimo cha kawaida huwa kati ya 10 na 21. Jicho la kulia la baba lilisoma 38, la kushoto 30. Nesi hakusema "ni uzee". Alisema, "Hapa pangu pamefika mwisho. Twende kwa daktari."

Sentensi hiyo naiheshimu kuliko nyingi nilizozisikia katika safari hii.

Daktari alimtia baba dawa ya kutanua mboni, tukasubiri kama nusu saa, kisha akamtazama nyuma ya jicho kwa ile darubini ambayo mgonjwa anaegemeza kidevu. Alipomaliza alichukua kalamu akatuchorea. Nyuma ya jicho kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mwanzo wa mshipa huo, kwa mtu mzima wa afya, una kijishimo kidogo katikati. Kwa baba kijishimo kilikuwa kimechimbika kikawa kama kikombe, na kingo zimebaki nyembamba. Kwa sababu presha inakula nyuzi za mshipa kidogo kidogo na kuanzia pembeni, mtu hasikii maumivu wala haoni dalili mpaka sehemu kubwa imekwisha. Ugonjwa huu ni glakoma, na wengi huuita presha ya macho. "Kilichokufa hakirudi," daktari akasema. "Kazi yetu sasa ni kulinda kilichobaki."

Baba akauliza kama kuna miwani ya kuusaidia. Daktari akamjibu kwa upole kwamba miwani hupinda mwanga uangukie mahali pake, na kwake yeye mwanga unafika vizuri, ila waya wa kuupeleka mbele umekatika.

Akatuandikia barua ya kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwa daktari bingwa. Tukapanda boti Mkoani, baba akiwa amekaa dirishani na kichwa amekigeuza sana kushoto ili aione bahari. Sijawahi kuona mtu akiitafuta bahari namna ile.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza. Niliuliza kila niliyekutana naye, na hakuna aliyekasirika. Bingwa alitueleza kwamba alisoma udaktari wa mwili mzima kwanza, miaka 5, akafanya mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini, akafanya kazi, kisha akarudi chuoni kusomea macho peke yake kwa miaka isiyopungua 3. Ndiyo maana yeye anaweza kupasua. Yeye ndiye wa mtoto wa jicho, wa glakoma iliyoshindikana kwa dawa, wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, iliyoharibiwa na kisukari, wa jicho lililochomwa na mwiba. Kwa baba alitoboa kijia chini ya ukope wa juu wa jicho la kushoto, maji yapate pa kutokea. Alituambia kabla ya kuanza, na akatuambia tena baadaye, kwamba operesheni hii haiongezi kuona hata chembe, inazuia kupungua. Nashukuru alisema mara mbili, kwa sababu majirani walikuja kumpa baba pongezi wakidhani atarudi kuona kama kijana.

Mabingwa si wengi, na hapa ndipo watu wengine wanapokuwa wa maana sana. Pale pale Unguja nilikutana na mpima macho wa kweli, aliyesomea optometria, yaani elimu ya kupima macho, hospitali ya KCMC, Moshi. Yeye si daktari wa kupasua. Kazi yake ni kupima uwezo wa kuona, kuandika miwani, na kuutambua ugonjwa ili aupeleke panapostahili. Nilimweleza habari ya lile duka. Akanionesha anavyofanya yeye: kila jicho peke yake, kisha kila lenzi moja moja mkononi, "hii au hii?", kisha taa ya kutazama nyuma ya jicho, kisha presha. Mashine ya puto anayo pia. "Inanipa pa kuanzia tu," akasema.

Yeye ndiye aliyenisaidia mimi mwenyewe. Nashona kofia, kazi ya mkono, zile za vitobo ambazo kofia moja inakula wiki na wiki. Nilipofika miaka 44 sindano ikaanza kunikataa. Nikanunua miwani ya barabarani, sokoni Wete, nikajichagulia kwa kujaribu moja baada ya nyingine. Sitasema ni mbaya. Kufikia umri wa miaka arobaini na kitu lenzi ya jicho hukakamaa, haibadiliki tena umbo ili kutazama karibu, na lenzi ya kukuza husaidia. Tabu ni kwamba miwani ile ina namba moja kwa macho yote mawili, na macho yangu hayako sawa. Mpima macho akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Dada, kofia unaishika umbali gani?" Nikatoa kofia mkobani, nikakaa kama ninavyokaa jamvini, naye akapima kwa futi kutoka machoni hadi kwenye sindano. Namba ya kusomea gazeti na namba ya kutobolea kofia si moja, akanieleza, kwa sababu mimi nashika kazi karibu zaidi.

Akaandika cheti, na cheti nikakipeleka kwa fundi wa miwani. Huyu naye ana heshima yake, na nasema hivi kwa makusudi baada ya kulalamikia maduka. Fundi hapimi ugonjwa wala haandiki namba. Anakata lenzi, anaiweka kwenye fremu, anahakikisha katikati ya lenzi panakaa mbele ya mboni yako. Anapima umbali baina ya mboni mbili kwa rula ndogo, kwa milimita. Miwani yangu ya kwanza ilinitia kichwa kuuma kila baada ya magharibi, nikadhani namba imekosewa. Fundi akaipima, akaona lenzi moja imekaa nje ya mahali pake. Akaibadilisha, kichwa kikapoa. Kwa hiyo yule kijana wa dukani niliyemlaumu hana kosa la kuuza miwani. Kosa lilikuwa kumwambia mzee wa watu kwamba macho yake hayana neno, jambo ambalo hakuwa na elimu ya kulisema wala kifaa cha kulithibitisha.

Mama yangu yeye mambo yake yalikuwa mepesi, alhamdulillahi. Alikuwa anaona ukungu, taa zinamtawanyikia usiku. Mpima macho akamtazama na kusema hapa miwani haitafaa, lenzi yake ya ndani imeingia ukungu, ni mtoto wa jicho, aende kupasuliwa. Tukasubiri kambi. Madaktari kutoka China wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964, na miongoni mwao huwa wamo wa macho. Mama alipasuliwa na mmoja wao, mkalimani akiwa pembeni. Kabla ya siku yenyewe fundi wa vipimo alimpima urefu wa jicho ili lenzi ya bandia iwe ya namba inayomfaa. Operesheni haikufika nusu saa. Kesho yake bandeji ilipotolewa akatazama mikono yake akasema, "Kumbe nimezeeka hivi." Tulicheka sote. Baba alikuwepo, akacheka pia, na mimi nikainamisha uso.

Naandika haya kwa sababu ya tofauti ya watu hawa wawili waliolala nyumba moja. Mtoto wa jicho anangoja. Umchelewapo mwaka, mara nyingi bado utapasuliwa na utaona. Glakoma haingoji. Na mtu wa nje hawezi kuzitofautisha, wote wawili wanasema tu "sioni vizuri".

Mtoto wa dada yangu ana makengeza, na hilo nalo watu walisema yatajinyoosha akikua. Hayajinyooshi. Ubongo wa mtoto ukiletewa picha mbili hulipuuza jicho moja, na jicho lililopuuzwa miaka ya utotoni hulala lisiamke. Alipelekwa akiwa na miaka minne, akapewa miwani na kufunikwa jicho lililo zima kwa saa kadhaa kila siku. Angeanza skuli kwanza, ingekuwa kazi ngumu. Na mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe, mpeleke siku hiyo hiyo kwa bingwa. Usipitie dukani, usipitie kwa mtu yeyote.

Nikisema dukani, nina maana ya duka la dawa pia. Jirani yetu mvuvi alikuwa na kinyama cha jicho, kile kinachotambaa kutoka pembe ya pua, kinachowapata sana wanaoshinda juani na upeponi. Jicho lilikuwa linawasha na kuwa jekundu. Muuza dawa akamuuzia tone, likampoza siku ile ile, akaendelea kulinunua zaidi ya mwaka. Lilikuwa na dawa aina ya steroidi, ya kutuliza uvimbe na wekundu. Dawa hiyo ina kazi yake nzuri ikisimamiwa, lakini kutumiwa muda mrefu bila kupimwa hupandisha presha ya jicho na huleta mtoto wa jicho. Leo naye ni mgonjwa wa kliniki ile ile anayohudhuria baba.

Nesi wa Chake ndiye ninayemwona mara nyingi kuliko wote. Bingwa tunakutana naye kwa mwaka mara moja au mbili. Nesi ni wa kila tukienda. Yeye ndiye aliyemuuliza baba kama ana pumu kabla ya kupewa matone, kwa kuwa aina moja ya matone ya glakoma inaweza kumbana kifua mwenye pumu. Yeye ndiye aliyenifundisha kutia: vuta ukope wa chini, tone moja tu, mzee afumbe, kisha bonyeza kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili, dawa isiteremke puani. Kama kuna dawa ya pili, ngoja dakika tano. Mwanzo nilikuwa natia matone matatu kwa hofu lisije likakosa. Chupa ya mwezi ikawa inakwisha kwa siku kumi, na tuliposubiri pesa za nyingine, baba anakaa bila dawa.

Jambo la mwisho daktari aliloniambia, nikiwa nimeshashika mlango, ni kwamba ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Watoto wa baba na ndugu zake wapimwe, hasa waliotimia miaka 40, na wapimwe kila mwaka hata kama wanaona vizuri. Ami yangu mmoja alikutwa nao, mapema, kabla hajapoteza kitu. Mimi sina mpaka sasa. Kaka yangu aliyeko Unguja alikataa miaka miwili. Ana miaka 46, anaendesha gari, anasema anaona mpaka kisiwa cha Chumbe.

Nilimwambia baba aseme naye. Sijui alimwambia nini, walizungumza peke yao. Alhamisi iliyopita kaka akanipigia akiwa nje ya kliniki, mboni zimetanuliwa, anasema hawezi kusoma hata jina langu kwenye simu, amempa kijana ambonyezee. Kulia 19, kushoto 18. Mshipa mzima. Arudi baada ya mwaka. Nikamwambia angoje, nikavuka ua na simu mkononi. Baba alikuwa jamvini anachambua karafuu kwa vidole. Akageuza kichwa chote kunitafuta, nikampa simu sikioni.